Mawe Meusi Ng'ambo ya Busisi

Nilianza kumshuku Mjapani yule siku ya kwanza kabisa, pale Kigongo, tukisubiri pantoni ya kwenda Busisi. Abiria wengine walikuwa wamewazunguka akina mama wauza samaki wa kukaanga. Yeye alishuka garini, akaenda kwenye rundo la kokoto lililomwagwa kando ya barabara, akaokota jiwe moja jeusi, akalichungulia kwa kioo kidogo alichokivaa shingoni, kisha akalilamba. Hakufanya mzaha. Alilowesha upande mmoja wa jiwe kwa ulimi, akalitazama tena, akalitia mfukoni. Mama mmoja aliyekuwa akifunga samaki kwenye gazeti aliniuliza kwa Kisukuma kama mgeni wangu ni mzima. Nikamjibu kwamba sijui, nimeanza naye kazi leo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari mjini Mwanza. Tulipanga vyumba viwili Igogo, na mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba mwaka uliotangulia. Wakati ule kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Maduka ambayo nilipokuwa msichana yalikuwa na rafu tupu sasa yalijaa sabuni za kila nchi. Ndege za mizigo zilipita juu ya Pasiansi zikiwa zimebeba minofu ya sangara, sisi tukabaki na mifupa. Kila wiki gazeti jipya lilitoka na habari ya nani ameuziwa nini. Tulikuwa tumejifunza neno mwekezaji, na kila mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege amevaa buti tulihesabu kwamba amekuja kuchukua kitu. Mara nyingi hatukukosea.

Mgeni huyu alikuja shuleni na barua ya chuo kikuu yenye mihuri miwili. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa iliyopauka. Alitaka mtu anayejua Kiingereza na Kisukuma na asiyechoka kutembea. Likizo ya Juni ilikuwa imeanza, na mkuu wa shule akanitaja mimi. Tuliongea Kiingereza, chake cha kukatakata na changu cha darasani; hapa nayaandika maneno yetu kwa Kiswahili.

Jioni ya kuamkia safari, mtu mwingine alipiga hodi nyumbani kwetu. Alivaa suti ya kijivu ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni, na aliketi kabla hatujamkaribisha. Kwa umri wake ilinibidi nimwamkie.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwalimu. Kesho unaondoka na mgeni.”

Hakuwa anauliza. Mume wangu alinitazama.

“Ndiyo, mzee. Anafanya utafiti wa mawe.”

“Mawe,” alisema, akacheka kidogo. “Wewe ni mtu uliyesoma. Mtu anapanda ndege tatu kuja mpaka Mwanza kwa ajili ya mawe? Sisi tunataka kujua anachukua nini. Fanya kazi yako kama kawaida. Andika tu kila mahali anaposimama kwa muda mrefu, na jiwe gani amebeba. Nitapita kuchukua.”

Nilimuuliza anatoka ofisi gani. Akasema kuna mambo hayaulizwi, akainuka na kuaga.

“Hajaonyesha kitambulisho,” mume wangu alisema mtu yule alipofika mbali.

“Watu wa aina hiyo hawaonyeshi,” nikamjibu. Nilijiona nimejibu kwa akili.

Ng'ambo ya Busisi, ukielekea Geita, nchi inabadilika. Mwanza tumezoea mawe makubwa ya kijivu yaliyopandana juu ya vilima. Kule majabali yanapungua, udongo unakuwa mwekundu, na mawe yanayochomoza ni meusi yenye ukijani, mazito kuliko yanavyoonekana. Katikati yake hupita mistari ya mawe meupe, na kwenye mistari hiyo ndiko wachimbaji wadogo walikofukua mashimo kutafuta dhahabu. Mjapani alipita mashimo hayo bila kugeuza shingo. Kwenye senta tulikopanga vyumba, wanaume waliokuwa wakicheza bao mbele ya duka walianza kunihoji kila nikipita.

“Mwalimu, huyo Mchina wako mbona anaruka mawe meupe?”

“Ni Mjapani.”

“Sawa, Mjapani. Anayaruka kama hayaoni. Huyo anajua kitu.”

Nami nilifikiri vivyo hivyo. Kila kitu alichofanya kilinipa sababu. Kila jiwe alilipiga picha kabla ya kuligusa, akalipiga picha tena baada ya kulivunja. Aliandika namba kwa wino mweupe, akalifunga kwenye gazeti, akaliweka katika mfuko wa turubai na kuukaza mdomo kwa kamba yenye fundo ambalo sikuwahi kuliona. Siku ya pili nilinyoosha mkono nimsaidie kubeba mfuko mmoja. Akauwahi.

“Samahani. Mifuko nabeba mwenyewe.”

“Ni mizito, bwana.”

“Najua. Samahani sana.”

Usoni alionekana mpole, lakini mfuko hakuuachia. Siku hiyo niliandika kwenye daftari langu: *Hataki mifuko iguswe.* Nikapiga mstari chini yake.

Siku ya nne tulifika shambani kwa mama mmoja mzee, mjane, aliyeishi na binti yake. Kwa Kisukuma tulimwita Mayu, yaani mama, kama anavyoitwa mwanamke yeyote wa heshima. Shamba lake la mihogo lilikuwa kwenye mteremko, na katikati ya mteremko palikuwa na ukuta wa mawe meusi, mrefu kuliko mtu, ambao haukujengwa na mtu. Ulikuwa umepangika kama mito ya kulalia iliyorundikwa stoo: jiwe la duara, jingine la duara lililobonyea, lingine limeegemea pengo la chini yake. Kwenye mguu wa ukuta ule palitoka maji. Hayakuwa mengi, ndoo ilijaa taratibu, lakini kaya zote za pale jirani zilichota hapo hata kiangazi.

Mjapani alipouona ukuta ule alivua kofia. Alisimama muda mrefu, kisha akapiga magoti na kuanza kupapasa jiwe moja baada ya jingine kama mtu anayetafuta mlango.

“Anatafuta nini kwenye mawe yangu?” Mayu aliniuliza.

Nikatafsiri swali. Mjapani akasimama, akainamisha kichwa kwa Mayu, akasema, “Mwambie mawe haya yalizaliwa chini ya bahari.”

Nilitafsiri. Mayu alitazama mteremko, akatazama upande wa ziwa ambalo hata halikuonekana kutoka pale, akanijibu kwa sauti ya chini, “Mwanangu, huyu mtu ama mgonjwa ama mwongo.”

Kesho yake Mjapani alikuja na maandazi aliyonunua senta. Aliketi kwenye kigoda nje ya nyumba ya Mayu, akachukua andazi moja na kulipasua.

“Andazi likiingia kwenye mafuta ya moto,” alisema, “nje linakauka upesi, ndani bado ni laini. Linavimba. Mlima wa moto ulio chini ya bahari unatoa uji wa mawe kwenye maji baridi, nao unafanya hivyo hivyo. Nje unaganda, ndani bado unachemka, unavimba kama andazi. Kisha gamba linapasuka, linachipua andazi lingine, linaangukia juu ya la kwanza. Ndiyo maana la juu lina mkia unaoingia kwenye pengo la yale ya chini. Nenda ukautazame ukuta.”

Tukaenda. Mikia ilikuwepo. Kila jiwe lilikuwa na ukingo mweusi zaidi, laini, wa upana wa kidole, na kwa chini lilichongoka likajaza nafasi. Miaka saba nilikuwa nimefundisha volkeno kwa kuchora pembetatu ubaoni na kuipaka chaki nyekundu, na sikuwahi kuweka mkono juu ya kitu nilichokifundisha. Nilikiweka siku ile. Nilishangaa, lakini wakati huohuo kuna sauti iliyoniambia kwamba mwongo hodari ndiye anayejua kueleza namna hii.

“Na huo mlima ulitoka wapi?” nilimuuliza.

Alicheka kwa mara ya kwanza. “Hilo ndilo swali langu lote.”

Akamwomba Mayu kandambili yake moja, katambuga kuukuu la tairi. Alieleza kwamba ngozi ya dunia imekatika mabamba, na pwani ya kwao bamba la bahari linazama chini ya lile lenye nchi yao. Ndiyo maana nyumba zao hutikisika mara kwa mara. Bamba linapozama hubeba maji, maji yanayeyusha miamba iliyo juu yake, na milima ya moto inachomoza. Kila mtu wa fani yake alijua hivyo. Lakini yeye alikuwa amefanya kazi kwenye meli, wakivuta mawe kwa nyaya ndefu kutoka milima midogo ya chini ya bahari, na mawe mengine waliyapata upande ambao bamba lilikuwa bado halijazama, ambako haikutarajiwa moto uwepo.

“Nikajiuliza,” alisema, akalishika katambuga na kulipinda taratibu. Nyufa za zamani zikafunguka kwenye mpira. “Bamba likikaribia kuzama, linapinda. Likipinda, linapata nyufa. Labda chini yake upo uji kidogo ambao haukuwa na pa kutokea, na sasa umepata. Kwa hiyo milima miwili inaweza kuwa jirani, imefanana, na asili zao ni tofauti kabisa. Mmoja umezaliwa na maji yaliyozamishwa. Mwingine umezaliwa na ufa.”

“Utajuaje upi ni upi?”

“Ndani ya jiwe. Lililozaliwa na maji lina alama zake, madini yanayosafiri na maji. Nataka kujua kama mawe ya zamani sana, kama haya, yana habari ile ile.”

“Na wenzako wanasemaje?”

Alimrudishia Mayu katambuga lake kwa mikono miwili. “Wanasema nilichanganya mawe. Mmoja alisema mbele ya mkutano kwamba jiwe langu lilidondoka tu kutoka kwenye meli iliyopita. Sasa unaelewa kwa nini mifuko nabeba mwenyewe.”

Nilipaswa kuelewa. Badala yake, jioni ile niliandika kwamba mgeni amekuwa akihusishwa na mawe yaliyochanganywa, na kwamba amekaa sehemu moja siku mbili. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa jiografia, nikachora ramani. Nikaweka njia ya kutoka senta, mti wa mkuyu, nyumba ya Mayu, zizi, choo, ukuta wa mawe, chemchemi. Nikaweka mshale wa kaskazini na kipimo. Ilikuwa ramani nzuri.

Jumamosi tulirudi Mwanza kununua mahitaji. Nyumba yake ya wageni haikuwa na stoo ya kufunga, na alisema haiamini. Akaniomba aweke mifuko kwangu hadi Jumatatu. Aliipanga mwenyewe chini ya meza yetu, akaihesabu, akanishukuru mara mbili, akaondoka.

Mume wangu aliitazama mifuko ile tukiwa tunakula mchana. “Kama ni mawe tu, fungua uone.”

“Amenikabidhi.”

“Amekukabidhi kwa sababu anajua hutafungua.”

Alipotoka nilifungua mifuko mitatu, yote ya kutoka kwa Mayu. Katika kila mmoja mlikuwa na mawe meusi ndani ya magazeti. Nilichukua moja la ukubwa wa ngumi, nikalitia kwenye kikapu chini ya khanga na kwenda mjini kwa sonara mmoja wa Kihindi, mzee ambaye mjukuu wake nilikuwa nimemfundisha.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Umeleta hereni?”

Nikamtolea jiwe. Hakucheka. Alivaa miwani yake ya kazi, akaligonga pembeni, akasaga kipande, akadondoshea tindikali, akasubiri, akatikisa kichwa. Kisha akatoa kwenye droo kipande cha jiwe jeusi kilicholainishwa na miaka ya kutumika, kina michirizi ya dhahabu juu yake.

“Hili ni la marehemu baba yangu. Tunasugulia dhahabu hapa tujue ni nzuri au mbaya. Ni jeusi kama lako. Kazi yake ni kupimia dhahabu tu, lenyewe halina. Lako pia halina kitu.” Kisha akauliza, “Umelitoa wapi?”

“Ng'ambo.”

“Ng'ambo ipi?”

Nikaona ameuliza mara mbili. Nikakumbuka jinsi alivyosaga kile kipande na kuuacha unga wake kwenye kisahani chake badala ya kunirudishia. Nikatoka dukani kwake nikiwa na uhakika kwamba ameona kitu na amenificha. Leo nasema ukweli: nilitaka kiwepo. Nilitaka kumkamata mtu. Kama kulikuwa na dhahabu, basi nisingekuwa mwanamke anayepekua mizigo ya mgeni; ningekuwa mzalendo.

Nilipofika nyumbani nilikuta magazeti matatu niliyoyaacha wazi juu ya sakafu, na sikujua tena jiwe lile ni la mfuko upi, kwa sababu kipande nilichobeba kilikuwa kimegongwa upande wenye namba. Nikakirudisha katika mfuko nilioudhani ni wake. Fundo sikuweza kulifunga tena kama lilivyokuwa, nikafunga la kwangu.

Jumatatu asubuhi Mjapani alichuchumaa mbele ya meza, akashika mfuko wa kwanza, akalitazama fundo.

“Mwalimu, kuna mtu amefungua hii?”

“Hapana.”

“Watoto labda?”

“Hatuna watoto hapa, bwana. Hapana. Hakuna aliyegusa.”

Alinitazama, lakini si kwa hasira. Alitoa daftari, akaandika mstari mmoja, akaitenga mifuko ile mitatu na mingine. Hakuuliza tena. Tulifanya kazi siku tano zaidi, sehemu nyingine, na adabu yake kwangu haikupungua hata kidogo. Nilimwona mnafiki kwa hilo pia.

Alipoondoka, mtu wa suti ya kijivu alipita kama alivyoahidi. Alisoma kurasa zangu amesimama, na alipofika kwenye ramani akakaa. “Mwalimu,” alisema, “umefanya kazi kubwa.” Alizikunja kurasa zote nne, akazitia mfuko wa ndani. Sikumwona tena.

Muhula ulikuwa umeshaanza Mayu alipokuja shuleni. Alikuwa amevuka na pantoni peke yake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akaulizia njia hadi getini. Nilimkuta ameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, katambuga zimejaa vumbi la mjini.

“Wale watu uliowaleta wamemaliza,” alisema.

“Watu gani, Mayu?”

“Wenye baruti.”

Nilienda naye Jumamosi ile. Ukuta haukuwepo. Palikuwa na shimo, na kuzunguka shimo vipande vya mawe meusi vimetapakaa hadi katikati ya mihogo, vingine vimevunja mashina. Kingo zile za upana wa kidole zilikuwa zimesagika. Chini, ilipokuwa chemchemi, tope lilikuwa limekauka na kupasuka. Binti yake Mayu alikuwa akitoka bondeni na ndoo kichwani. Ilimchukua asubuhi nzima kwenda na kurudi.

Walikuwa wanaume saba, Mayu alinieleza, na mkubwa wao alivaa suti ya kijivu. Walikuwa na karatasi yenye muhuri. Mwenyekiti wa kijiji alipouona muhuri alinyamaza. Walilipua siku mbili, wakasaga, wakaosha kwenye mabeseni kwa maji ya mwisho ya chemchemi, hawakupata kitu, wakatukana, wakaondoka.

“Walijuaje pa kufika?” nilimuuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

“Walikuwa na ramani. Nzuri. Kila kitu kipo. Hata choo changu kipo.” Akanigeukia. “Nikajiuliza, nani huko mjini anajua choo changu kiko wapi?”

Binti yake alikuwa ametua ndoo, naye akasubiri. Ningeweza kusema ni Mjapani. Wangeniamini, kijiji kizima kilikuwa kimeshasema ni yeye, kwamba aliondoka ili awatume wengine. Jina lake lilikuwa tayari limechafuka, na yeye alikuwa mbali.

“Ni mimi niliyeichora,” nilisema.

“Alikulazimisha yule wa bahari?”

“Hapana. Yeye hajui. Niliichora nimpe mtu wa suti. Nilidhani ni wa serikali. Nilidhani Mjapani ni mwizi.”

“Alikuwa mwizi?”

“Hapana, Mayu.”

Alikwangua tope kwenye ndoo kwa kucha. Kisha akaniambia nimwambie mwenyekiti maneno hayohayo, na si mwenyekiti peke yake. Siku ile ile watu waliitwa. Nilisimama mbele ya wanaume waliokuwa wakinihoji senta, na mbele ya wanawake waliokuwa wakichota pale, nikasema mchoraji ni mimi na mgeni hakutuma mtu. Mzee mmoja aliuliza nimelipwa nini. Nikasema sikulipwa. Nadhani hilo ndilo lililowaudhi zaidi. Angalau malipo wangeyaelewa. Waliniacha nirudi senta bila mtu wa kunisindikiza.

Nilikwenda na mwenyekiti wilayani. Hakuna aliyemjua mtu wa suti ya kijivu, wala karatasi yenye namba aliyoikumbuka mwenyekiti haikuwahi kutolewa. Karani mmoja alisema siku hizi kila mwenye viatu vizuri ana muhuri wake. Alisema hivyo akiandika, bila kutuangalia. Mume wangu nilipomsimulia hakunikumbusha habari ya kitambulisho. Alitoka akakaa nje muda mrefu.

Kisha nikamwandikia Mjapani, kwa anwani iliyokuwa kwenye barua yake ya chuo. Ilinichukua karatasi nyingi. Nilimwambia kwamba nilifungua mifuko, kwamba nilidanganya, jiwe lile nadhani lilitoka mfuko upi, na kwamba ukuta haupo tena. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, ukurasa mmoja, mwandiko mdogo ulionyooka.

Alisema alishajua kuhusu mifuko tangu asubuhi ile. Mawe ya mifuko ile mitatu yalikuwa mazuri kuliko yote aliyopata, na maabara ilikuwa imemwonyesha kitu alichokingojea kwa miaka: ndani ya kundi moja palikuwa na mawe ya habari mbili, mengine yenye alama za maji yaliyozama, mengine hayana. Lakini hakuweza kukiandika popote, kwa kuwa mifuko ilikuwa imefunguliwa. Alikuwa anategemea kurudi kuchukua mengine. Kuhusu maelezo niliyompelekea ya jiwe na mfuko wake, aliandika: “Nakuamini. Lakini mimi hawataniamini.” Mwishoni aliuliza hali ya maji ya Mayu.

Nilimjibu kuhusu maji tu.

Kiangazi kilichofuata wanawake wa pale waliamua kuchimba kisima chini ya mteremko. Nilisikia kwa binti yake Mayu, aliyekuwa amekuja Mwanza kuuza michembe, viazi vyao vya kukausha. Nikaenda bila kuitwa, likizo ya Juni, nikashika jembe. Siku mbili za kwanza hakuna aliyenisemesha zaidi ya salamu. Nikiweka jembe chini kwenda kunywa maji, macho yalinifuata, na nilipochukua kalamu siku moja kuandika orodha ya vitu vya kununua senta, mwanamke mmoja alikuja akasimama nyuma yangu.

“Unaandika nini, mwalimu?”

Nikampa karatasi aisome. Aliisoma yote, polepole, mstari kwa mstari: kamba, ndoo, chumvi, sabuni. Akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Akanirudishia.

Maji tuliyapata siku ya tisa, machafu kwanza, kisha yakaanza kutulia. Mayu aliletewa kikombe cha kwanza. Aliyaonja, akasema yana ladha ya udongo, si kama yale ya zamani, akayanywa yote. Aliuliza kama yule wa bahari ataandikiwa kwamba maji yamepatikana.

“Nitamwandikia, Mayu.”

“Andika hapa,” alisema. “Andika nikiona, na binti yangu asome kabla hujaifunga.”

Nikakaa kwenye kigoda, nikaandika kwa Kiswahili ili waweze kusoma, nikifikiri kwamba tafsiri yake nitaiandika nikifika nyumbani. Binti aliisoma kwa sauti. Mayu alinisahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika kwamba kisima kiko karibu na nyumba, naye akasema si karibu, niandike ni hatua ngapi. Tukatoka kwenda kuzihesabu.